Isiyomfaa Nani? Juu ya Neno la Lawama katika Maandishi ya Kiswahili

Katika madarasa ya Kiswahili kuna zoezi moja la zamani ambalo kila mwanafunzi amelipitia. Mwalimu huandika neno ubaoni, kisha huagiza: litumieni katika sentensi. Neno likiwa ni sifa ya kulaumu, mathalan "isiyofaa", majibu hufanana mno. Mmoja huandika kwamba kijana fulani ana tabia isiyofaa. Wa pili, kwamba wizi ni tendo lisilofaa. Wa tatu, kwamba si vizuri kutumia lugha isiyofaa mbele ya wakubwa. Viambishi vimekaa mahali pake, upatanisho ni sahihi, na mwalimu hutia alama ya vyema. Walakini ukizisoma sentensi hizo mara ya pili utaona kwamba mbili katika hizo hazikukwambia jambo lolote. Kijana yule alifanya nini? Lugha ile ilisema nini? Msomaji ameagizwa kukasirika bila ya kuonyeshwa cha kumkasirisha. Sentensi ya pili peke yake ina kitu ndani yake, nacho ni neno "wizi", ambalo lingetosha hata kama sifa isingaliandikwa.

Zoezi hili ni dogo, lakini mazoea yake hayaishii darasani. Mwanafunzi hukua akawa mwandishi, mhakiki, au mtu mwenye mamlaka ya kuchagua vitabu vitakavyosomwa na watoto wa wengine, naye huchukua pamoja naye sentensi ile aliyoandika akiwa na umri wa miaka kumi. Nia ya insha hii ni kulichunguza neno hilo katika umbo lake na katika baadhi ya maandishi yetu, na kuonyesha kwamba likitumiwa bila uangalifu huwa kali mno pale panapotaka upole, na laini mno pale panapotaka ukali.

Tuanze na umbo. Maneno ya sifa yenye asili ya Kibantu katika Kiswahili ni machache: -ema, -baya, -ovu, -zuri, -kubwa, -dogo na mengineyo ambayo mgeni mwenye bidii aweza kuyakariri kwa muda mfupi. Pengo lililobaki lugha huliziba kwa njia nyingine. Huazima, kama ilivyoazima fidhuli na safihi kutoka Kiarabu. Huunganisha jina na jina, kama katika "utovu wa adabu". Ama hukichukua kitenzi ikakitia kirejeshi kikafanya kazi ya sifa. "Isiyofaa" ni ya aina hii ya mwisho. Kwa kazi yake ni sifa, lakini kwa asili yake ni kitenzi, na mambo mawili ambayo kila kitenzi huyataka yamepotea njiani.

La kwanza ni mtu. Kitenzi "kufaa" kwa desturi yake hupenda kumtaja anayefaliwa. Dawa yamfaa mgonjwa, nguo yanifaa, ushauri wako umetufaa. Methali husema, "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki," na uzito wake wote umo katika silabi ile ndogo "ku", maana rafiki si mtu afaaye tu, bali akufaaye wewe. Methali nyingine yasema, "Kufa kufaana," yaani hata mauti, ambayo hakuna ayapendaye, yana watu yanayowafaa. Wahenga hawakusahau kwamba kufaa ni uhusiano baina ya kitu na mtu. Tukisema "isiyofaa" na kunyamaza, tumemfuta mtu huyo. Jambo lililokuwa haliwafai baadhi ya watu limegeuka kuwa jambo lisilofaa kabisa, na aliyehukumu amejificha nyuma ya hukumu yake.

La pili ni wakati. Vitenzi vyetu hutaja majira yao bila taabu: alifika, atafika, amefika, hajafika. Lakini kirejeshi kinachokanusha kwa "-si-" hakina alama ya wakati. "Kitabu kisichofaa" hakisemi kama hakikufaa jana, hakifai leo, au hakitafaa kamwe. Chasema yote kwa mara moja. Lugha haikukosa njia ya kusema kwa usahihi zaidi. Twaweza kuandika "kitabu ambacho hakikuwafaa watoto wa darasa la nne", na hapo mtu amerudi na wakati umerudi. Sentensi imekuwa ndefu, lakini imekuwa ya kweli, na mwenye kuipinga anajua apinge nini.

Maneno mengine ya lawama yana hatari zake. "-baya" na "-ovu" huambatana na mtu kwa wepesi uleule wa kuambatana na tendo. Kutoka "alifanya vibaya" hadi "ni mbaya" ni hatua moja fupi, lakini kurudi ni safari. Linganisha na tamko la kawaida la wazee wetu juu ya mtoto mkorofi: "Hajafunzwa." Katika "-ja-" ile mna matumaini, kwa sababu ambaye hajafunzwa aweza kufunzwa kesho. Tena lawama haikumwangukia mtoto peke yake. Methali ya "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu" hutumia kirejeshi kilekile cha "-si-" tunachokijadili, lakini tazama inavyokitumia: imemtaja mama kwa jina la kazi yake, imemtaja ulimwengu, na imesema litakalotukia. Hakuna sifa ndani ya methali hiyo, na hakuna msomaji asiyeielewa lawama yake.

Mafunzo ya mama yanatupeleka kwenye utenzi alioutunga Mwana Kupona mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Mhakiki anayeutafuta mwenendo mbaya katika utenzi huo ataona kwamba mshairi hakutegemea sifa. Ametumia amri: fanya hili, acha lile, chunga ulimi wako, waheshimu walio juu yako. Ubaya haukupewa jina, ila wema umeelezwa kwa vitendo hata kinyume chake kikaonekana chenyewe. Na maswali yetu mawili yana majibu. Mwenendo huu wamfaa nani? Wamfaa binti huyu wa watu wenye daraja katika nchi ya Pate na Lamu. Lini? Katika karne ya kumi na tisa, nyumbani kwa mume wa zama zile. Msomaji wa leo aweza kukataa mengi aliyoambiwa Mwana Hashima juu ya utii kwa mume, wala kukataa kwake hakuuvunji utenzi, kwa kuwa mama hakudai kuwasemesha watu wote wa nyakati zote. Alisema na mwanawe.

Lakini haki yataka tuseme na la pili. Katika wasia huohuo mama anamwonya binti asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi, kwa kuwa watamvuta kwenye upuuzi. Hapa lawama imeacha tendo ikashika asili ya watu, na Mwana Kupona hakuwa peke yake. Lugha ya pwani kwa muda mrefu ilipima adabu kwa daraja za watu. Jambo jema lilikuwa la kiungwana, na mwungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Jambo baya lilikuwa la kitumwa au la kishenzi, na mshenzi alikuwa mtu wa bara. Hata neno "ustaarabu", tunalolipenda sana, chimbuko lake katika Kiarabu ni kujifanya kuwa kama Mwarabu. Utumwa ulikomeshwa kisheria Unguja mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Sifa zilizozaliwa nao hazikukomeshwa na sheria yoyote. Mashariki ya Kongo, ambako waliofuatana na misafara ya pwani walijiita waungwana, neno hilo lilipata kuwa jina la lugha yenyewe, Kingwana. Hapa tunaona mtu na wakati viliopotea katika neno "isiyofaa" vikirudi kwa njia mbaya: anayehukumu anajulikana, naye ni bwana, anayehukumiwa anajulikana, naye ni mtumwa, na tendo ndilo lililosahauliwa. Mwandishi wa leo anayeandika kwamba mhusika wake alikula "kishenzi" hajasema alikulaje. Amerithi dharau tu, pengine bila ya kujua.

Tumtazame sasa Shaaban Robert, aliyeishi toka mwaka 1909 hadi 1962, ambaye maandishi yake yamefunza adili vizazi vingi. Mara nyingi yeye hakuipa sifa kazi ya kumfuata mhusika. Aliifanya kuwa jina lake. Katika Adili na Nduguze, iliyotoka mwaka 1952, mtu mwema anaitwa Adili, na ndugu zake wawili wanaitwa Hasidi na Mwivu. Msomaji amekwisha kupewa hukumu kabla ya tendo la kwanza. Mtoto aliyeitwa Hasidi atafanya nini zaidi ya kuhusudu? Njia hii ina faida yake, kwa kuwa hadithi ya mafumbo hutaka alama zilizo wazi, na msikilizaji wa ngano hufurahi kumjua adui mapema. Lakini gharama yake ni kwamba chanzo cha ubaya hakiulizwi. Ndugu hao wanageuzwa manyani na kuadhibiwa, nasi hatujui kwa yakini ni nini katika malezi yao, katika urithi wao, au katika wema wa Adili mwenyewe, kilichoiwasha husuda yao. Jina limejibu swali ambalo hadithi ilipaswa kuliuliza.

Mwandishi huyohuyo, katika Kusadikika ya mwaka 1951, alifanya jambo kubwa zaidi kwa njia hiyohiyo ya majina. Karama anashtakiwa mbele ya mfalme kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria, na mshtaki wake ni waziri aitwaye Majivuno. Katika Adili na Nduguze jina la lawama lilimwangukia mshtakiwa. Hapa limemwangukia mshtaki. Msomaji anapomsikia Majivuno akisema kwamba mwenendo wa Karama ni hatari kwa nchi, hapo hapo anajiuliza: hatari kwa nani? Kisha mshtakiwa anapewa siku sita za kujitetea, na kwa siku sita anasimulia habari za wajumbe waliotumwa nje ya Kusadikika kutafuta mema na namna nchi ilivyowalipa. Kitabu chote ni kesi ya neno moja la lawama. Neno limeletwa mahakamani, limeulizwa ushahidi wake, na limeshindwa. Sijui mfano ulio bora zaidi katika nathari yetu wa kazi ambayo mwandishi aweza kuifanya juu ya sifa ya kulaumu: asiitumie kwanza, aisikilize kwanza.

Kusadikika ni nchi ya kubuniwa. Miaka 20 baada yake nchi halisi ilipata kesi iliyofanana. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika. Inaeleza maisha ya Rosa, binti wa Ukerewe, ambaye baba yake, Zakaria, ni mlevi na tena ni mkali. Zakaria anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya kijana. Rosa anakua akiwaogopa wanaume bila ya kuwajua. Anapokwenda kusoma mbali na nyumbani, uhuru unamkuta hana silaha yoyote, na miongoni mwa wanaomharibu wamo waliokabidhiwa kumfundisha. Mwisho wake ni kifo. Kitabu kilinunuliwa sana, na kikapigwa marufuku kusomwa darasani, kwa kuwa kilitaja waziwazi mambo ya mwili.

Sitaki kuwadhihaki waliotoa uamuzi huo. Mzazi ana haki ya kuuliza mtoto wake anasoma nini, na mwalimu ana wajibu wa kuchagua. Nataka kutazama tu lililotendeka katika sentensi. Ndani ya riwaya mna mwenendo mbaya mwingi: baba anayekunywa fedha za nyumba, mtu mzima anayemtumia mwanafunzi, jamii inayomcheka msichana na kumsamehe mwanamume. Kila mmoja wa hao alistahili lawama, na mwandishi aliitoa kwa kuonyesha. Lakini lawama ilihama. Ilitoka katika matendo ikakaa juu ya kitabu kilichoyasimulia. Mwenendo usiofaa ukazaa kitabu kisichofaa, kana kwamba kioo ndicho kilichojeruhi uso. Kuhama huku kuliwezekana kwa sababu sifa yenyewe haina mtu. Lau swali la "kisichomfaa nani?" lingaliulizwa, jibu moja lingekuwa kwamba kitabu kile hakikuwafaa watu kama Zakaria, wala wale waliokabidhiwa wanafunzi wakawaharibu.

Halafu wakati, ambao neno liliukana, ulitoa ushahidi wake. Baada ya miaka Rosa Mistika iliingizwa katika vitabu vinavyosomwa katika shule za sekondari, Tanzania na Kenya. Maneno ya kitabu yalikuwa yaleyale na Rosa alikufa vilevile. Kitabu kisichofaa kikawa kitabu kifaacho, jambo ambalo halingewezekana kama kutofaa kungekuwa sifa ya kitabu, kama wino ulivyo sifa yake. Sentensi sahihi ilikuwa hii tangu mwanzo: wenye mamlaka wa miaka ile waliona kwamba kitabu hiki hakikuwafaa wanafunzi wa miaka ile. Sentensi hiyo mtu aliweza kuijibu. Aliweza kuuliza waliona hivyo kwa nini, aliweza kuleta msichana mmoja ambaye kitabu kingemwonya, na mjadala ungekuwa na mlango wa kuingilia.

Jambo hili halijapitwa. Mwezi Februari 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilipiga marufuku vitabu 16 visitumike mashuleni kwa kuwa vilionekana kwenda kinyume na maadili. Neno limebadilika, lakini kazi yake ni ileile, na tutambue kwamba maadili na Adili wa Shaaban Robert ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu ambao maana yake ni haki. Mzizi huo wakumbusha jambo: anayehukumu kwa jina la maadili hujifunga mwenyewe kuwa mwadilifu katika hukumu, na mwadilifu hutaja ukurasa, hutaja neno, hutaja umri wa msomaji anayemhofia. Uchaguzi wa vitabu vya watoto hauepukiki. Kinachoepukika ni uchaguzi usioeleza sababu zake.

Huenda msomaji akapinga, na pingamizi lake ni la haki. Atasema: je, hakuna matendo ambayo hayamfai mtu yeyote wakati wowote? Ukitaka kila lawama itaje mtu na wakati, hutawapa wakorofi mlango wa kutorokea, kila mmoja akisema, "Kwangu mimi lafaa"?

Jibu langu ni kwamba matendo hayo yapo, na kwamba mbele yake neno "lisilofaa" ndilo neno baya kuliko yote. Mtu mzima anapomharibu mtoto aliyekabidhiwa, ripoti ikaandika kwamba "alionyesha mwenendo usiofaa", neno hilo halikumlaumu, limemfunika. Amewekwa daraja moja na aliyechelewa kazini na aliyevaa kaptura ofisini. Kiswahili kina maneno ya matendo hayo: kupiga, kuiba, kunajisi, kubaka, kuua. Ni vitenzi vyenye mtendaji, mtendewa na wakati, wala havihitaji sifa yoyote kuvisaidia. Sasa twaona udhaifu wa neno letu kwa pande zote mbili. Riwaya iliyouonyesha uovu ikaitwa isiyofaa, na uovu wenyewe ukaitwa usiofaa. Kwa kitabu neno lilikuwa rungu. Kwa mkosaji lilikuwa shuka. Mkorofi hatoroki kwa kutajiwa alichokifanya, bali kwa kutotajiwa.

Simwombi mtu alifute neno hili katika kamusi. Lina mahali pake katika mambo ya kiasi na ya mahali: mavazi yasiyofaa msibani, mzaha usiofaa mezani kwa wakwe, sauti isiyofaa karibu na chumba cha mgonjwa. Katika mifano hiyo sifa imesimama vizuri kwa sababu msiba, wakwe na mgonjwa wapo pale kuifafanua. Msomaji anajua nani angeumia na lini. Hilo ndilo sharti, na si sharti gumu.

Basi turudi darasani tulikoanzia. Mwalimu asiache zoezi lake, ila aliongezee maswali mawili. Mwanafunzi anapoandika, "Juma ana tabia isiyofaa," asitie alama ya vyema wala ya kosa. Amuulize: isiyomfaa nani? Tangu lini? Mtoto atafikiri kidogo, kisha ataandika upya, pengine hivi: "Jana Juma alimcheka bibi kizee aliyeanguka njiani, wala hakumwinua." Sifa imetoweka, naye hakuamriwa kuitoa. Bibi kizee ameingia katika sentensi, na yeye ndiye aliyekuwa amekosekana tangu mwanzo.